MUUGUZI WA SARATANI APEWE NAFASI YAKE

Serikali inapofungua hospitali mpya wananchi hufurahi, na wana haki ya kufurahi. Utepe hukatwa, mashine hufunuliwa vitambaa mbele ya wageni, na hotuba hutolewa. Ni nadra, hata hivyo, katika sherehe kama hizo kumsikia msemaji akiuliza ni nani atakayekaa na mgonjwa saa nane za usiku, wakati mashine imezimwa na dakta amekwenda kupumzika. Swali hilo ndilo tunalotaka kuliweka leo mbele ya wananchi wa Unguja na Pemba, na mbele ya wale wote waliokabidhiwa dhamana ya afya yao. Tunaliweka kwa ajili ya maradhi ambayo hapo zamani yakitajwa kwa kunong'ona, nayo ni saratani.

Ukubwa wa jambo lenyewe haufichiki tena. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, katika mwaka 2022 watu milioni 20 waligunduliwa kuwa na saratani duniani kote, na watu milioni 9.7 walifariki kwa maradhi hayo. Kwa Tanzania, makadirio ya mwaka 2020 yalikuwa ni wagonjwa wapya wapatao 40,000 na vifo vipatavyo 27,000. Kwa wanawake wa nchi yetu, saratani inayoongoza ni ile ya mlango wa kizazi, ikifuatiwa na ya matiti. Zanzibar, ambayo sensa ya mwaka 2022 iliihesabu kuwa na watu 1,889,773, haikuachwa nje ya balaa hili. Maji ya bahari hayajapata kuyazuia maradhi haya yasivuke.

Na tuitazame safari ya mgonjwa wetu mmoja, tuseme mwanamke wa Micheweni aliyeanza kutokwa na damu asiyoielewa. Kwanza huenda kituo cha afya kilicho karibu naye, kisha hospitali ya wilaya, kisha hupanda meli kwenda Unguja hadi Mnazi Mmoja. Ikionekana kuwa anahitaji mionzi, huvuka tena hadi Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, iliyo katika majengo ya hospitali iliyofunguliwa na Wajerumani mwaka 1897 na iliyofanywa taasisi kamili kwa sheria ya mwaka 1996. Huko matibabu ya mionzi ya saratani ya mlango wa kizazi huchukua takriban wiki tano, siku tano kwa kila wiki, na baadaye hufuatia mionzi ya ndani. Mama huyo atakuwa ameacha watoto, konde na mume kwa muda wa mwezi na zaidi, akiwa katika mji asioujua.

Katika kila kituo cha safari hiyo ndefu atakutana na madakta mbalimbali, na kila mmoja atamwona kwa dakika chache, kwa sababu nyuma yake wapo wengine wanaongoja. Mtu atakayemkuta kila aendako, asubuhi na usiku, ni muuguzi. Ndiye atakayempokea, atakayempima uzito, atakayemtafutia mshipa, atakayemfunga kidonda na atakayejibu swali ambalo mama huyo ameona haya kumuuliza dakta. Dakta huandika amri ya tiba kwa muda wa kalamu kugusa karatasi. Kuitekeleza amri hiyo kwa salama ni kazi ya saa nyingi, na kazi hiyo ni ya muuguzi.

Wengi wetu hudhani kwamba kumtundikia mgonjwa dripu ya dawa za saratani ni sawa na kumtundikia dripu ya maji. Dhana hiyo ni ya hatari. Dawa hizi ni sumu iliyopimwa. Kipimo chake hukokotolewa kwa urefu na uzito wa mgonjwa, na mgonjwa aliyekonda kilo tano tangu dripu ya mwezi uliopita si yule yule tena kwa hesabu ya dawa. Muuguzi asiyempima upya, au anayenakili uzito wa zamani, anaweza kumdhuru mtu pasipo mtu yeyote kujua. Ipo dawa nyekundu iitwayo doksorubisini ambayo ikivuja nje ya mshipa huila nyama ya mkono hata ikabaki donda. Ipo nyingine, vinkristini, ambayo watoto wengi wenye saratani hupewa, ambayo ni tiba ikiingia mshipani na ni mauti ikidungwa katika uti wa mgongo. Baina ya uponyaji na msiba husimama muuguzi aliyesoma lebo mara mbili na kumwita mwenzake aisome mara ya tatu.

Kisha mgonjwa hurudi nyumbani, na hapo ndipo hatari nyingine huanza. Aghlabu kati ya siku ya saba na ya kumi na nne baada ya dripu, chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, hupungua sana. Katika siku hizo homa ya nyuzi 38 si homa ya kumeza vidonge viwili na kulala. Ni jambo la dharura linalotaka antibayotiki ya mshipani haraka, kabla maradhi hayajaenea katika damu. Nani atamweleza haya mgonjwa na jamaa zake kwa lugha wanayoifahamu? Nani atawaambia kwamba mkojo mwekundu siku ya kwanza baada ya dawa ile si damu bali ni rangi ya dawa, lakini anayeusafisha mkojo huo au matapishi kwa siku mbili za mwanzo avae glavu? Ni muuguzi. Asipoeleza, familia itakaa na homa mpaka asubuhi ikingoja gari, na asubuhi itakuwa imechelewa.

Kuna upande mwingine wa kazi hii ambao hauonekani katika ripoti yoyote. Dawa huchoma kinywa, na mgonjwa hushindwa hata kumeza uji. Muuguzi humfundisha kusukutua kwa maji ya chumvi na kumchagulia chakula laini. Uvimbe wa titi ukipasuka hutoa harufu ambayo humfukuza hata dada wa mgonjwa, na mama huyo hujifungia chumbani kwa aibu. Muuguzi hukisafisha kidonda, hukinyunyizia vidonge vya metronidazoli vilivyosagwa, na harufu hupungua, na watu hurudi kuketi naye. Hapo hakuna saratani iliyopona. Lakini mtu amerudishiwa heshima yake mbele ya watoto wake, na hilo si jambo dogo katika jamii yetu.

Tuchukue pia mwezi wa Ramadhani. Wagonjwa wetu wengi, hasa wazee, hung'ang'ania kufunga wakiwa katikati ya matibabu, wakiona kuwa kula mchana ni kujivunjia dini. Dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa iliyo wazi, na kila aliyekaa chuoni mbele ya mwalimu wake ameisoma. Lakini ruhusa hiyo humfaa mzee pale tu anapokumbushwa kwa upole na mtu anayemstahi. Muuguzi mzalendo wa visiwa hivi, anayeijua lugha ya watu wake na stara yao, ndiye aliye katika nafasi bora ya kulisema hilo, akisaidiana na masheikh. Vivyo hivyo katika kumpima mwanamke: wapo akina mama wengi ambao wako tayari kufa kuliko kujifunua mbele ya mwanamume mgeni, na muuguzi mwanamke ndiye mlango pekee uliobaki wazi kwao.

Sasa tuje kwenye maumivu. Saratani iliyokomaa huuma kwa namna ambayo mtu mzima hulia kama mtoto, na nyumba nzima hukesha. Tiba ya maumivu hayo inajulikana tangu zamani. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 1986 ngazi ya kutibu maumivu ya saratani, na katika daraja ya juu ya ngazi hiyo ipo mofini, ambayo ikiwa ya maji hunywewa kila baada ya saa nne. Mkutano Mkuu wa shirika hilo uliazimia mwaka 2014 kwamba tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia mgonjwa mateso, iingizwe katika huduma za afya za kila nchi. Hofu iliyoenea kwamba mgonjwa wa saratani akipewa mofini atageuka mlevi wa dawa haina msingi pale dawa inapotolewa kwa kipimo na kwa uangalizi. Tatizo lake la kila siku ni kufunga choo, na dawa ya kulainisha choo ipo, na muuguzi hodari huianzisha siku ile ile.

Tiba hii yote, kwa asili yake, ni mtoto wa uuguzi. Bibi Cicely Saunders, aliyefungua nyumba ya St Christopher's huko London mwaka 1967 na kuufundisha ulimwengu kutibu maumivu ya anayekaribia kufa, alianza kazi kama muuguzi kabla ya kusomea udakta. Na hatuna haja ya kwenda London kutafuta mfano. Jirani zetu wa Uganda walianzisha huduma ya namna hiyo mwaka 1993 kwa mofini ya maji, na mwaka 2004 wakabadili kanuni zao ili wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu ya tiba shufaa waruhusiwe kuiandika mofini. Uganda ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuwapa wauguzi ruhusa hiyo. Walifanya hivyo kwa sababu waliona ukweli ulio wazi, kwamba vijijini hakuna dakta wa kumngojea, na maumivu hayangoji.

Ikiwa ndivyo vijijini Uganda, sembuse katika visiwa vyetu, ambako mgonjwa wa Kojani au wa Tumbatu hutenganishwa na hospitali kwa mashua?

Tiba iliyo bora kuliko zote ni ile inayoyawahi maradhi, na hapa pia muuguzi ndiye wa mbele. Saratani ya mlango wa kizazi husababishwa na virusi viitwavyo HPV, na chanjo yake ilianza kutolewa kwa wasichana wa Tanzania mwezi Aprili 2018. Tangu mwaka 2024 imekuwa dozi moja tu kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Anayekwenda skuli na sindano mkononi ni muuguzi. Kwa akina mama, uchunguzi unaweza kufanywa pasipo mashine yoyote ya gharama: mlango wa kizazi hupakwa asidi iliyo katika siki, na baada ya dakika moja hivi sehemu yenye dosari hugeuka nyeupe ikaonekana kwa macho. Muuguzi au mkunga aliyefundishwa huweza kuifanya kazi hiyo katika kituo cha shehia, na mara nyingi huweza kuitibu dosari hiyo siku hiyo hiyo kabla haijawa saratani. Dunia imejiwekea lengo la kufikia mwaka 2030, kwamba wasichana 90 katika kila 100 wawe wamechanjwa, wanawake 70 katika kila 100 wawe wamechunguzwa, na 90 katika kila 100 ya watakaokutwa na maradhi wawe wametibiwa. Lengo hilo halitafikiwa na madakta bingwa peke yao, hata tungekuwa nao mara kumi ya tulio nao.

Ikiwa kazi ya muuguzi ni kubwa kiasi hicho, basi hatuna budi kusema wazi yale yanayopaswa kutendeka.

Kwanza, muuguzi aliyesomea saratani aachwe katika saratani. Katika hospitali nyingi za nchi zetu ni desturi ya utawala kuwazungusha wauguzi kutoka wodi moja hadi nyingine kama karata. Leo mtu amepelekwa mafunzoni kwa gharama ya umma, kesho kutwa anahamishiwa wodi ya wazazi kwa sababu kuna pengo, na nafasi yake inachukuliwa na kijana ambaye hajapata kuona dawa inayovuja. Tunajua kuwa mapengo yapo na kwamba matroni naye ana shida zake. Lakini kuziba pengo moja kwa kutoboa jengine si uongozi. Utaalamu huu uwekewe daraja lake katika muundo wa utumishi, na anayetaka kumhamisha mwenye utaalamu huo atakiwe kueleza sababu kwa maandishi.

Pili, wauguzi walindwe. Dawa inayoua chembe za saratani haibagui, humdhuru pia anayeichanganya mwaka baada ya mwaka kwa mikono mitupu. Kabati maalumu la kuchanganyia dawa, glavu nene, aproni na barakoa si anasa ya kuombwa kwa barua tatu. Ni sharti la kazi, kama vile kofia ngumu kwa fundi wa jengo. Hakuna haki ya kumwambia mtu atibu saratani huku tukimweka katika hatari ya kuipata.

Tatu, Wizara ya Afya na Baraza la Wauguzi na Wakunga wakae kitako waliangalie suala la mofini kwa mfano wa Uganda, kwa mafunzo, leseni na daftari la ukaguzi, ili kila wilaya ya Unguja na Pemba iwe na muuguzi mwenye uwezo wa kumtuliza mgonjwa nyumbani kwake. Wanaohofia dawa kupotea njia wana hoja, na dawa yake ni usimamizi. Kuifungia kabatini huku watu wakipiga mayowe vijijini si usimamizi.

Nne, mgonjwa anayerudi kutoka Dar es Salaam apokelewe. Barua yake ya matibabu isibaki mkobani mwake mpaka ikachakaa. Ifike kwa muuguzi wa wilaya, naye awajue wagonjwa wake kwa majina na kwa nyumba, akisaidiwa na wahudumu wa afya wa kujitolea ambao wamekwisha kuzoea kupita nyumba kwa nyumba katika shehia zetu. Simu moja ya muuguzi katika siku zile saba za hatari baada ya dripu inaweza kuokoa roho ambayo mashine ya mamilioni haiwezi kuirudisha.

Wauguzi nao wana deni lao. Malalamiko juu ya kauli kali mapokezini hayakuzushwa. Mwanamke aliyekusanya ujasiri wa miezi sita ili aje kuonyesha uvimbe, akikemewa mbele ya watu kwa nini amechelewa, hatarudi, na atawaambia wenzake watano wasije. Uchovu tunaufahamu, na uchache wa watumishi tunaufahamu, lakini neno jema halina uhaba wala halisubiri bajeti. Muuguzi wa saratani atambue kwamba mgonjwa wake mara nyingi amekwisha kujihukumia kifo kabla ya kuvuka kizingiti, na sauti ya kwanza atakayoisikia ndiyo itakayoamua kama atabaki au atakwenda kwa mganga wa dawa za kienyeji, akarudi maradhi yakiwa yamefika mbali.

Na wananchi tusijitoe katika lawama. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Tunaficha uvimbe, tunaficha damu, na tunamficha hata mgonjwa mwenyewe jina la maradhi yake, kisha tunamshangaa anapoikataa tiba ambayo hakuelezwa sababu yake. Zaidi ya hayo, tuna mila moja inayotaka kutazamwa upya. Mtu akifa, watu wa mtaa hukusanyika, mchele hupatikana, ng'ombe hupatikana, na khitma husomwa ya kupendeza. Mtu huyo huyo miezi mitatu nyuma alikuwa akitafuta nauli ya boti ya kwenda kwenye dripu yake ya nne, hakupata, akakatisha matibabu. Hatusemi khitma isisomwe. Tunasema mchango uanze mapema, mwenye kuchangiwa akiwa bado anaweza kushukuru. Masheha, wazee wa mitaa na viongozi wa matawi wakiamua, kila shehia inaweza kuwa na mfuko mdogo wa nauli ya wagonjwa, na hesabu yake ikasomwa hadharani kila mwezi.

Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, matibabu yalifanywa kuwa haki ya kila mtu wa visiwa hivi, mkulima na mvuvi kwa pamoja, kwa imani kwamba afya haiwezi kuwa mali ya wenye fedha. Imani hiyo haipimwi kwa urefu wa majengo. Hupimwa kwa yule mgonjwa wa mwisho kabisa, aliye mbali kabisa, kama usiku wa leo anaumwa au amelala. Katika sehemu nyingi jawabu la swali hilo limo mikononi mwa muuguzi mmoja, mwenye mshahara mdogo na zamu ndefu.

Bajeti inapoandaliwa, wenye kalamu wasimhesabu muuguzi huyo kama gharama iliyobaki baada ya mashine kununuliwa. Fungu la mafunzo yake, la kinga yake na la usafiri wake kwenda vijijini liandikwe katika ukurasa ule ule wa mashine, na Baraza la Wawakilishi liulize kila mwaka limetumikaje. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na katika maradhi haya anayengojeshwa huumia zaidi ya tumbo.